Kusukuma, kuvuta au SSH: njia tatu za kupeleka kontena kwenye wingu binafsi

Picha ya kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji ili iendeshwe) imeshajengwa, majaribio yamepita, na toleo jipya limekaa kwenye rejista, hifadhi ya picha hizo, likisubiri. Kilichobaki kinaonekana kidogo: kulifikisha kwenye seva zenu wenyewe bila mtu kuingia usiku na kuandika amri kwa mkono. Hapo ndipo timu nyingi hukwama. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya mawingu ya umma, ambako API ya klasta, yaani mlango wa kulipa amri kundi la mashine zinazoendesha kontena kwa pamoja, hufikika kwenye intaneti na mtoa huduma ameshamaliza kazi ya utambulisho. Wingu binafsi, yaani seva mnazoziendesha wenyewe, liwe la OpenStack, la VMware au mashine chache zenye Proxmox, liko nyuma ya ukuta wa moto, na ukuta huo hubadilisha hesabu yote.

Nalinganisha njia tatu. Ya kwanza, mkondo wa ujenzi (mfululizo wa hatua zinazojiendesha za kujenga na kupeleka programu) wenyewe unasukuma toleo hadi kwenye klasta ya Kubernetes, mfumo unaosimamia kontena kwenye mashine nyingi. Ya pili, programu iliyo ndani ya klasta inavuta mabadiliko kutoka Git, mfumo wa kutunza faili na historia ya mabadiliko yake. Ya tatu, mkondo unaingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuendesha amri kwenye mashine ya mbali) na kuwasha kontena kwa zana kama Docker Compose au Ansible, bila Kubernetes kabisa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: jina la zana lina uzito mdogo kuliko maswali mawili. Ufunguo wa kuingilia unakaa wapi? Na nani anabaki akiangalia baada ya mkondo kumaliza kazi yake?

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. *Ufunguo na mlango*: nani anaanzisha muunganisho, na siri ya kuingilia inahifadhiwa upande gani wa ukuta. *Uthibitisho*: unajuaje kwamba toleo limesimama kweli na halijaishia kutumwa tu. *Kurudi nyuma*: toleo likiharibika, hatua ni ngapi hadi lile la awali lirudi kazini. *Kupotoka*: hali halisi ya seva ikianza kutofautiana na iliyoandikwa, mara nyingi kwa sababu mtu alirekebisha kitu kwa dharura, nani anagundua. *Mzigo*: ni vitu vingapi vipya mtalazimika kuvitunza, kuvisasisha na kuviamkia.

Kasi sikuiweka. Kwa timu nyingi tofauti ya dakika mbili tatu haibadilishi chochote, na anayeihitaji kweli anajijua.

Njia ya kwanza: mkondo unasukuma

Jenkins, GitLab CI au GitHub Actions inajenga picha, inaipeleka kwenye rejista, kisha hatua ya mwisho inaita `kubectl apply` au `helm upgrade --install`, amri za kuipelekea Kubernetes usanidi mpya. Ndiyo njia ambayo wengi huanza nayo, na si kwa uvivu. Mtu mmoja anaweza kuisoma faili nzima kuanzia juu hadi chini na kuelewa kinachotokea.

*Ufunguo na mlango.* Mkondo unahitaji kuifikia API ya Kubernetes, kwa kawaida bandari 6443, na unahitaji hati ya utambulisho yenye ruhusa ya kubadilisha kinachoendeshwa. Kama mkondo unaendeshwa na huduma iliyo nje ya mtandao wenu, kuifungua bandari hiyo kwa intaneti ni wazo la kukataa mara moja. Njia inayokubalika ni kuweka mashine ya kutekeleza kazi ndani ya mtandao. Watekelezaji wa GitLab na wa GitHub huwasiliana kutoka ndani kwenda nje kwa HTTPS, wakiuliza kama kuna kazi, kwa hiyo hakuna bandari ya kufungua.

Hilo linatatua suala la mlango tu. Ufunguo bado uko mikononi mwa mkondo, na yeyote anayeweza kubadilisha faili ya mkondo anaweza kuendesha amri ndani ya mtandao wenu. Ndiyo sababu GitHub yenyewe inashauri watekelezaji wa aina hii wasiunganishwe na hazina za msimbo zilizo wazi kwa umma. Januari 2023, CircleCI, huduma ya kuendesha mikondo ya ujenzi, ilivamiwa na ikawaomba wateja wake wabadilishe siri zote walizohifadhi huko. Kwa waliokuwa wameweka humo funguo za mazingira halisi, hiyo ilikuwa kazi kubwa ya ghafla.

Hatari hii hupunguzwa kwa hatua ndogo mbili. Ya kwanza: mpe mkondo akaunti ya huduma yenye ruhusa katika sehemu moja tu ya klasta. Usimpe `cluster-admin`, yaani ruhusa zote za klasta, hata kwa "muda kidogo". Ya pili: tumia tokeni (hati za utambulisho) zinazoisha muda. Tangu toleo la 1.24 la mwaka 2022, Kubernetes haitengenezi tena tokeni ya kudumu kwa kila akaunti ya huduma, na `kubectl create token` hutoa ya saa moja usipotaja muda mwingine.

*Uthibitisho.* Hapa njia hii ina nguvu, mradi uulize. Amri ya `kubectl apply` hurudi papo hapo na kuandika `deployment.apps/ripoti configured`. Mkondo unawaka kijani, ujumbe wa mafanikio unatumwa kwa timu nzima. Wakati huohuo, ndani ya klasta, podi mpya (kontena la toleo jipya) imekwama kwenye `ImagePullBackOff`, hali ya kushindwa kuvuta picha, kwa sababu rejista ya ndani ina cheti kilichosainiwa na mamlaka ya ndani ambayo nodi, yaani mashine za klasta, haziitambui. Watumiaji hawaoni tatizo, maana podi za zamani bado zinahudumia. Wasanidi nao wanaamini wamepeleka toleo ambalo halipo. Hali kama hii inaweza kudumu siku nzima bila mtu kushtuka.

Dawa yake ni mstari mmoja: `kubectl rollout status` baada ya `apply`. Amri hiyo husubiri hadi toleo likamilike, na likishindwa huurudishia mkondo jibu la kosa. Muda wa kawaida kabla ya Kubernetes kutangaza kwamba toleo limekwama ni sekunde 600, na wengi wangefanya vyema kuupunguza. Kumbuka pia kwamba Kubernetes hutangaza tu. Haikurudishii toleo la zamani yenyewe.

*Kurudi nyuma.* Ni rahisi: `kubectl rollout undo` au `helm rollback`, na Kubernetes huhifadhi matoleo 10 yaliyopita usipobadilisha mpangilio. Ukitumia Helm 3 na chaguo la `--atomic`, toleo likishindwa hurudishwa lenyewe. Kasoro yake ni kwamba Git inabaki ikisema toleo jipya ndilo linalofanya kazi, na msukumo unaofuata unaweza kulirudisha kosa lilelile.

*Kupotoka.* Hakuna anayeangalia. Mkondo huamka msanidi anaposukuma msimbo, kisha hulala. Mtu akibadilisha idadi ya podi kwa mkono leo, hakuna atakayejua hadi toleo lijalo. Unaweza kupanga `kubectl diff` iendeshwe kila usiku, na inasaidia, ila ni kiraka.

*Mzigo.* Mdogo. Hakuna kipya cha kusimamisha zaidi ya mtekelezaji mmoja au wawili.

*Inamfaa nani.* Timu moja yenye klasta moja au mbili na programu chache, ambayo inataka mkondo uleule uliojenga picha ndio uijibu: imesimama au haikusimama.

Njia ya pili: klasta inavuta

Hii ndiyo inayoitwa GitOps, jina lililotolewa na kampuni ya Weaveworks mwaka 2017. Hali mnayoitaka imeandikwa kwenye Git. Programu iliyo ndani ya klasta, kwa kawaida Argo CD au Flux, inaisoma, inailinganisha na hali halisi na kuziba tofauti. Kazi ya mkondo inaishia kwenye kujenga picha na kuandika badiliko dogo kwenye hazina ya pili, ile ya usanidi. Badiliko lenyewe ni mstari mmoja: lebo ya picha kutoka `1.8.2` kwenda `1.8.3`. Mwenzako analipitia, analiunganisha, basi.

*Ufunguo na mlango.* Kwa wingu binafsi, hii ndiyo sababu kuu ya kuichagua. Muunganisho unaanzia ndani. Ufunguo wa klasta hautoki nje ya klasta. Mkondo hauna ruhusa yoyote kwenye mazingira halisi, hivyo ukivamiwa, mvamizi anapata uwezo wa kuandika kwenye Git, mahali ambapo kila badiliko linaonekana na linaweza kuwekewa sharti la kuidhinishwa na mtu wa pili. Nasisitiza "linaweza". Kama tawi kuu la hazina ya usanidi halijalindwa, mmehamisha ufunguo tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Ukuta wa moto una athari moja ambayo huwashangaza wengi. Hazina yenu ikiwa kwenye huduma ya nje, taarifa ya "kuna badiliko" haiwezi kuingia ndani. Argo CD itabaki kuuliza yenyewe kila baada ya muda, ambao kwa kawaida ni kama dakika 3. Mnaweza kuupunguza, au mkakaa na Git yenu ndani.

*Uthibitisho.* Hapa ndipo wanaohama kutoka njia ya kwanza hulalamika, na wana haki. Mkondo ukishaandika badiliko kwenye Git, umemaliza. Haujui kilichofuata. Argo CD ina ukurasa wake wa wavuti unaoonyesha kila programu kama imelandana na Git na kama ina afya. Flux kwa asili yake huendeshwa kwa amri na faili zaidi. Zote mbili zinaweza kutuma taarifa kwenye chumba cha mazungumzo cha timu, au kuandika alama ya kufaulu na kushindwa pembeni mwa badiliko lenyewe kwenye Git. Lisanidini hilo siku ya kwanza. Timu isiyofanya hivyo hujikuta na mkondo wa kijani ambao hauna maana, na kila msanidi anauliza "imeshapanda?" mara kadhaa kwa siku.

*Kurudi nyuma.* Unatengua badiliko kwenye Git, na klasta inafuata. Kumbukumbu ya nani aliamua nini inabaki safi, jambo lenye thamani kubwa panapokuwa na wakaguzi. Lakini ni vyema kujua mapema kwamba kitufe cha kurudisha toleo kwenye Argo CD hakifanyi kazi kwa programu iliyowashiwa ulandanishaji wa moja kwa moja. Njia ni Git. Usiku wa dharura, anayeshika zamu anahitaji ruhusa ya kuunganisha badiliko bila kusubiri mwidhinishaji aliyelala, na utaratibu huo uandikwe kabla ya dharura kufika.

*Kupotoka.* Hapa hakuna mpinzani. Programu ya ndani inalinganisha hali muda wote, na inaweza kufuta marekebisho ya mkono yenyewe. Kwenye Argo CD, kujirekebisha huko na kufuta vilivyoondolewa kwenye Git havijawashwa mwanzoni. Nashauri kujirekebisha kuwashwe mapema. Ufutaji uwashwe baadaye, mkishaizoea hazina yenu, maana faili ikiondolewa kimakosa, kilichoelezwa ndani yake kinaondolewa pia.

*Mzigo.* Mkubwa kiasi. Kuna programu mpya ya kusasisha, hazina ya pili ya kutunza, na suala la siri. Nywila haziwezi kuwekwa wazi kwenye Git, na kitu cha aina ya Secret katika Kubernetes kimesimbwa kwa base64 tu, ambayo mtu yeyote huifungua. Mtahitaji zana ya kusimba siri kama SOPS au Sealed Secrets, au hifadhi ya siri kama Vault. Kuhusu uhai wa miradi yenyewe, wasiwasi ni mdogo. Flux na Argo zilifikia daraja la juu kabisa la miradi ya CNCF, taasisi inayolea miradi huria kama Kubernetes, mwishoni mwa 2022, na Weaveworks ilipofunga milango mwaka 2024, Flux iliendelea.

*Inamfaa nani.* Mashirika yenye klasta kadhaa, timu kadhaa, au masharti makali ya ukaguzi, na mahali ambapo watu wa usalama wamekataa kabisa muunganisho wowote wa kuingia.

Njia ya tatu: SSH, pamoja na Compose au Ansible

Si kila wingu binafsi lina Kubernetes, wala halilazimiki kuwa nayo. Programu tano kwenye mashine pepe tatu zinaendeshwa vizuri na Docker Compose, na anayesema vinginevyo aonyeshe faida kwanza.

*Ufunguo na mlango.* Mkondo unaingia kwa SSH, bandari 22, ukiwa na ufunguo binafsi. Hapa kuna jambo linalopuuzwa sana: mtumiaji aliye kwenye kundi la `docker` ana uwezo sawa na wa `root`, msimamizi mkuu, kwenye mashine hiyo, na nyaraka za Docker zinalisema hilo wazi. Kwa hiyo ufunguo wa "kupeleka tu" ni ufunguo wa mashine nzima, usipoubana. Kuubana kunawezekana: kwenye `authorized_keys`, tanguliza ufunguo huo kwa `restrict` na `command=` inayoelekeza kwenye skripti moja. Mwenye ufunguo, hata akiwa mwizi, ataweza kuendesha skripti hiyo peke yake. Na tafadhali usizime ukaguzi wa utambulisho wa seva kwa `StrictHostKeyChecking=no` ili mkondo upite. Weka ufunguo wa seva kwenye `known_hosts` mapema.

*Uthibitisho.* `docker compose up -d` nayo hurudi bila kukuambia kama programu ina afya. Ongeza `--wait` na uandike kipimo cha afya kwa kila huduma, ndipo kushindwa kutaonekana kwenye mkondo.

*Kurudi nyuma.* Badilisha lebo kwenye faili, endesha tena. Inakuwa rahisi kama matoleo yana lebo za kueleweka, na inakuwa kubahatisha kama kila kitu kinaitwa `latest`. Compose husimamisha kontena la zamani kabla ya jipya kuwa tayari, hivyo kuna sekunde za kukatika. Mkiwa na mashine kadhaa nyuma ya kisawazisha mzigo, Ansible yenye `serial: 1` hupitia moja baada ya nyingine na huduma haikatiki.

*Kupotoka.* Kama njia ya kwanza, hakuna anayeangalia kati ya toleo na toleo. Ansible ikiendeshwa na `--check --diff` huonyesha tofauti, lakini lazima mtu aiite.

*Mzigo.* Mdogo kuliko zote leo. Huongezeka kadiri mashine zinavyoongezeka. Mashine ikifa, kontena zake hazihamii kwingine zenyewe, na hapo ndipo saa za usiku zinapopotea.

*Inamfaa nani.* Timu ndogo, mifumo ya ndani inayovumilia kukatika kifupi, na waendeshaji wanaoijua Linux vizuri ilhali Kubernetes bado hawajaizoea.

Yanayokuhusu vyovyote utakavyochagua

Kuwa na rejista ya picha ndani ya mtandao wenu. Harbor ni chaguo la kawaida. Sababu ni ya kiutendaji: nodi zote za wingu binafsi kwa kawaida hutoka nje kwa anwani moja ya IP, na Docker Hub tangu Novemba 2020 huwawekea ukomo wanaovuta bila akaunti, ikihesabu kwa anwani. Ukomo ulianza na picha 100 kwa kila saa 6. Nodi kumi zikiwashwa upya pamoja baada ya umeme kukatika, huwa zinakula mgao mmoja.

Cheti cha rejista hiyo kisambazwe kwenye kila nodi wakati wa kuitengeneza nodi, kabla ya programu ya kwanza kupelekwa. Picha nazo zitajwe kwa lebo isiyobadilika, au vizuri zaidi kwa alama yake ya `sha256`. Lebo inaweza kuelekezwa kwenye picha nyingine bila mtu kujua, ilhali alama hiyo hutokana na yaliyomo.

Kwa hali yako

Kama mna mashine chache na hamna Kubernetes, kaeni na njia ya tatu, ubaneni ufunguo wa SSH, na msihamie Kubernetes kwa sababu ya kupeleka matoleo peke yake. Sababu ya kuhamia ni uhai wa huduma mashine inapokufa.

Kama mna klasta moja na timu moja, njia ya kwanza inatosha kwa muda mrefu kuliko mnavyoambiwa. Wekeni mtekelezaji ndani, ruhusa finyu, na `rollout status`. Mkianza kugundua mabadiliko ya mkono ambayo hakuna anayekumbuka ameyafanya, hiyo ni dalili ya kuhamia njia ya pili.

Kama mkondo wenu uko kwenye huduma ya nje na usalama hauruhusu mtekelezaji ndani, njia ya pili ndiyo iliyobaki kwa Kubernetes, na mzigo wake mtaubeba tu. Anzeni na programu moja isiyo nyeti, taarifa za kushindwa zikiwa zimewashwa.

Kama mtandao umetengwa kabisa na hauwezi kutoka nje, njia zote tatu zinahitaji Git na rejista ndani, na picha ziingizwe kwa utaratibu uliokubaliwa. Hapo njia ya pili huwa nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu Git iko jirani na taarifa za mabadiliko zinaifikia Argo CD papo hapo.

Na kama mko katikati ya njia ya kwanza na ya pili, mnaweza kuzichanganya: mazingira ya majaribio yasukumwe na mkondo ili wasanidi wapate jibu haraka, mazingira halisi yavute kutoka Git. Sharti ni moja, faili za usanidi ziwe zilezile pande zote mbili. Zikiwa seti mbili, mnachojaribu hakitakuwa mnachopeleka.